MASWALI YA PICHA: Nina laki tano, ninunue flashi gani?

Swali: Shikamoo anko. Mimi ni kijana napiga picha hapa Bagamoyo mwaka wa pili sasa, nina Canon 2000D na lenzi ya 50 mm ile ya f/1.8 basi. Wateja wangu wengi wanataka ufukweni na kule Mji Mkongwe kwenye milango, na sendofu moja moja. Nimedunduliza laki tano nataka flashi ya kuweka pembeni kwenye stendi, sio ya kukaa juu ya kamera. Rafiki yangu anasema chukua yenye TTL, mwingine anasema chukua taa ya duara ya LED ndo inalipa. Nimechanganyikiwa. *Kijana wa Dunda.*

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Kabla hujatoa hata shilingi, angalia pale juu ya kamera yako panapochomekwa flashi. Utaona vipini vidogo vya chuma vipo ila kile cha katikati hakuna, Canon walikiondoa kwenye 2000D, 4000D na 250D, na kile ndo kinachowasha flashi na triga (kile kidude cha juu ya kamera kinachoiwasha flashi iliyoko mbali) za pini moja za kampuni nyingine. Kwa hiyo zile triga za bei chee za pini moja ukichomeka hapo zinakaa kimya kabisa, nimeshaona vijana wanarudi dukani kugombana wameuziwa flashi mbovu kumbe flashi nzima, tatizo hilo tu. Wewe chukua triga iliyotengenezwa kwa Canon inayoongea na kamera kupitia vile vipini vidogo, mfano Godox X2T-C, na nenda Kariakoo na kamera yako mkononi, ijaribiwe pale pale mbele yako iwake ndo ulipe, maana nyingine zinataka kwanza zisasishwe programu ya ndani ndo zielewane na kamera hizi.

Sasa TTL. Hiyo maana yake kamera inapima yenyewe na kuiambia flashi itoe nguvu kiasi gani, na ni tamu sana kwa anayekimbizana na maharusi ukumbini, mara wako karibu mara wako mbali. Wewe mtu wako kasimama mlangoni, flashi iko kwenye stendi, umbali haubadiliki, sasa kamera ikupimie nini? Weka nguvu robo, piga moja, angalia, ongeza au punguza. Baada ya wiki mbili mkono utakuwa unajua wenyewe. Kwa hiyo chukua ya kuseti kwa mkono, Godox TT600 inatosha kabisa, ina risiva ya redio humo humo ndani hununui kingine. Yongnuo YN560 IV nayo ni nzuri na ina redio yake, ila haielewani na triga za Godox, kwa hiyo chagua ukoo mmoja ubaki nao. Flashi isile zaidi ya nusu ya hiyo laki tano, nakuomba sana, maana kinacholainisha picha sio flashi.

Kinacholainisha ni ukubwa wa mwanga ukilinganisha na uso. Kichwa cha flashi ni kidogo kama kiganja, ndo maana kivuli chake kinakata kama wembe. Na vile vikofia vyeupe vya plastiki vya kuvalisha kichwa cha flashi achana navyo, ndani ya chumba chenye dari jeupe vinasaidia kidogo kwa sababu mwanga unagonga dari na kuta unarudi, ufukweni hakuna dari, unakula betri bure na kivuli kiko pale pale. Watu wengi watakwambia anza na mwamvuli mweupe kwa sababu ni rahisi, na kwa sendofu za ndani nakubali, lakini kwa Bagamoyo mimi nasema anza na softboksi, lile boksi la kitambaa lenye uso mweupe linalowekwa mbele ya flashi, ya kukunja ya sentimita 60 pamoja na kile kishikio cha S kinachobana flashi kwa mwili wake. Upepo wa kusi ukianza, mwamvuli unageuka tanga la jahazi. Mimi mwenyewe ulishaniangusha flashi mchangani ikavunjika mguu, na mteja yuko pale anasubiri, siku ile iliniuma mno. Softboksi nayo inashika upepo usijidanganye, ila kidogo, na bado umtafute mdogo wako ashike stendi au ubebe kiroba kitupu ukijaze mchanga pale pale uning'inize kwenye stendi.

Na isogeze karibu. Mita moja kutoka usoni, hata chini ya hapo, mpaka karibu iingie kwenye picha. Ukiipeleka mita mbili mwanga unaobaki ni robo tu ya ule wa mita moja, na tena unakuwa mkali kwa sababu boksi limekuwa dogo machoni pa uso. Hapo ndo vijana wanasema flashi haina nguvu, kumbe iko mbali.

Kuhusu jua lenu. Wateja wanakuja na picha za mtandaoni wanataka jua linazama baharini, na Bagamoyo bahari iko mashariki, jua linazama nyuma ya minazi. Kwa hiyo jua la baharini ni la alfajiri, waambie ukweli waamke. Ukimsimamisha mtu na jua linachomoza nyuma yake uso unakuwa giza na hapo ndo flashi inafanya kazi yake haswa. Jioni nako msiondoke jua likishazama, subiri, anga la upande wa bahari linapata rangi ya waridi na bluu kwa dakika chache, punguza mwanga unaoingia kwenye kamera kidogo anga liive, flashi weka nguvu ndogo kama 1/16 na uso unatoka taratibu. Hizo ndo picha ninazozipenda kuliko zote za mji ule.

Saa sita mchana kimbia. Jua kali, ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) 100, shata 1/200 ambayo ndo mwisho wa kamera yako kwa flashi ya kawaida, itataka tundu la lenzi f/11 hivi, na flashi ndogo ndani ya boksi inahema kufika hapo. Ukipandisha shata zaidi unapata ukanda mweusi kwenye picha kwa sababu pazia la shata linakuwa halijafunguka lote flashi inapowaka. TT600 na triga yake ina HSS, yaani flashi inawaka haraka haraka mfululizo shata inapopita, ya kulikwepa hilo ila nguvu inashuka sana. Rahisi ni kumwingiza mtu kivulini, kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, na pale una kuta za chokaa nyeupe, geuza flashi iugonge ukuta badala ya mtu, ukuta mzima unakuwa taa yako na hujalipia chochote.

LED ya duara ni ya meza ya mekapu na video za ndani. Jua la pwani linaimeza.

Hela ikibaki nunua betri za AA za kuchaji, seti mbili za nne nne. Sio anasa hiyo.

Swali: Habari za kazi kaka. Flashi ninayo, ila bibi harusi mweusi akikaa paji la uso na pua vinang'aa vyeupe, nikipunguza anakuwa mweusi tii, sura haionekani, shela ndo inaonekana peke yake. Nifanyeje? *Dada wa Magomeni, Bagamoyo.*

Jibu: Nzuri dada. Usicheze na nguvu kwanza, cheza na mahali. Taa ndogo ya mbele inaacha doa dogo kali kwenye ngozi, taa kubwa ya pembeni inaacha mng'ao mpana laini, na ngozi nyeusi ndo inapendeza hivyo, mng'ao ndo unaochora shavu na taya, usiuogope wala usiupake poda mpaka uishe, futa jasho kwa tishu tu. Upande wa pili weka rifleketa nyeupe, yaani kitu bapa cha kurudisha mwanga usoni.

Shela inakuonea kwa sababu kamera ikiona nyeupe nyingi inaitia picha giza. Seti kila kitu kwa mkono ukipimia uso. Halafu softboksi isimwelekee moja kwa moja, izungushe ipite mbele yake, uso uguswe na ule ukingo wa mwanga na gauni lipate kidogo. Utaona nakshi za shela zinarudi na macho yanafunguka.

Swali: Anko, shuka linaweza kuwa softboksi? *Mwanafunzi, Kaole.*

Jibu: Linaweza, na picha nzuri tu. Liwe jeupe kabisa, sio la maziwa, maana rangi ya kitambaa inahamia usoni, ndo maana kanga haifai. Litundike kwenye kamba, flashi ikae nyuma yake kama mita moja ili mwanga usambae shuka zima, mtu akae karibu na shuka upande wa huku. Nguvu itabidi uongeze, shuka linakula nyingi.