Usimtoe huyo kijana Shela kabla hajaamua jambo la kumgharimu

Simamisha kalamu kwanza. Nimesoma mpango wako wote wa hadithi ya vijana na umenikaa rohoni tangu jana. Kijana wa Shela, kijiji cha kisiwa cha Lamu, anapanda jahazi kwenda Maskati kutafuta upanga wa babu yake. Sura ya kwanza dhoruba, ya pili papa, ya tatu maharamia, ya nne homa, na hivyo hivyo mpaka anarudi nyumbani shujaa. Kisha unauliza kitabu kiwe na urefu gani, uchapishe wapi, uweke ramani au usiweke, na kama wasifu wa babu yako mshairi unaweza kufuata mpango huo huo. Mdogo wangu, hii njia ya kila sura na balaa lake naijua. Ilinimalizia akiba.

Aliyenifundisha ni mkufunzi wa warsha moja ya uandishi, mtu wa ulimi mtamu na ada nzito. Alituchorea ngazi ubaoni: kila kipago hatari, na kila hatari ipite ile ya chini yake. "Vijana wanataka msukosuko, msiwape nafasi ya kupumua." Sote tukaandika daftarini. Baadaye akausoma muswada wangu, akasema umeiva, nenda kachapishe. Nikachapisha kwa pesa zangu, maboksi yakavushwa kwa boti kutoka Mokowe hadi Lamu, na yule mkufunzi hakupokea simu yangu tena. Bado namkasirikia. Mtu anayelipwa kuwafundisha wengine kuandikia watoto angalau akae na watoto siku moja awaangalie wanavyosoma.

Mimi nilikaa nao. Darasani, wakisoma hicho kitabu changu cha safari ya baharini, msichana mmoja wa safu ya pili akainua mkono: "Maalim, mkono wake si ulivunjika?" Ulivunjika, sura ya nne, na sura ya tano kijana yuko juu ya mlingoti anafungua tanga. Darasa zima likaanza kufunua kurasa kurudi nyuma. Hakuwa na kejeli yule mtoto, alitaka kujua nani alimfunga banzi, alilala vipi usiku wa kwanza, na kwa nini baharia mwenzake hakupanda badala yake. Kwao mkono uliovunjika ni kitu kinachoonekana nyumbani: mtu hawezi kuvaa kanzu peke yake, mtu anakula kwa kulishwa. Mimi nilikuwa nimewapa papa mkubwa, wao walitaka lile banzi.

Kisha nahodha mmoja mzee akanirudishia kitabu pale pwani, akaniuliza neno moja tu: "Mwezi gani huu?" Nikamwambia Januari. "Januari kaskazi inampiga usoni. Nani kampa chombo?" Majahazi ya Arabuni yalikuja kwetu na upepo wa kaskazi na kurudi na ule wa kusi, anayekwenda Maskati kwa tanga husubiri kusi. Swali lake ndilo lililonifungua macho. Kijana wangu hakuwa ameomba chombo, hakumdanganya mtu, hakumkaidi nahodha, hakuacha deni nyuma. Mambo yalikuwa yakimwangukia tu, na msomaji hawezi kumwogopea mtu wa namna hiyo.

Kwa hiyo shika hili, hata ukisahau mengine yote: taabu ya shujaa itokane na jambo aliloamua mwenyewe, na aendelee kulilipia hadi mwisho wa kitabu.

Uko Malindi, una mfano mlangoni. Ule mnara wa Vasco da Gama unaupita kila siku. Baharia huyo Mreno alitoka hapo Aprili 1498 na rubani aliyepewa Malindi, upepo ukiwa nyuma, akavuka hadi pwani ya India kwa siku 23 hivi. Akagombana na watawala wa Calicut, akaondoka mwishoni mwa Agosti bila kungoja upepo ugeuke. Kuvuka kurudi kukamla karibu miezi mitatu. Kiseyeye kikawavimbisha watu fizi mpaka zikafunika meno, wakafa wengi, na kila chombo kikabaki na watu 7 au 8 wanaoweza kazi. Wakafika Malindi Januari 1499, wagonjwa wanaomba machungwa. Siku chache baadaye wakaichoma moto São Rafael, moja ya merikebu zao, kwa kukosa mabaharia wa kuiendesha. Hamna papa hata mmoja humo. Kuna mtu aliyeondoka kabla ya upepo wake, na orodha ya waliomlipia.

Na Fumo Liyongo, yule shujaa wa tenzi zetu za pwani, je? Gerezani mama yake anampelekea tupa ndani ya mkate wa wishwa, yaani makapi ya nafaka, kwa sababu anajua walinzi watakula mikate mizuri na kumwachia mfungwa wishwa. Nje watu wanapiga ngoma ya gungu kwa kelele, ndani yeye anakereza pingu. Halafu mauti yake: anauawa kwa sindano ya shaba ya kitovu, na siri hiyo alimpa mwanawe yeye mwenyewe, huku moyo ukimwambia kuwa mtoto ametumwa. Hapo ndipo watu wetu wamelia vizazi na vizazi.

Sasa kijana wako. Mpe mwezi wa nne, kusi inaanza. Jahazi linamngoja Faza, kisiwani Pate, na nahodha amesema litaondoka alfajiri. Mjomba amemkataza mashua, yeye anaichukua usiku, na ili aokoe masaa anakata kupitia Mkanda, ule mkondo mwembamba wa mikoko, maji yakipwa. Anapwelewa katikati ya mikoko. Mashua imelala ubavu, mbu, kiu, na anawasikia wavuvi mbali lakini hawezi kuita, kwa kuwa mashua ni ya wizi. Maji yanapojaa jahazi limekwenda. Hiyo ni sura nzima, na sura zote zinazofuata zinadai: mjomba anadai, nahodha hamwamini, na mama yake aliyebaki nyumbani anaulizwa mwanawe yuko wapi.

Babu yako ni hivyo hivyo, ila kwake usibuni. Usimwongezee njaa wala jela ambayo hakupata. Waulize wazee aliamua nini kilichomgharimu: alikataa kazi gani, alimtungia nani shairi lililomvunjia urafiki. Anzia hapo, si siku aliyozaliwa.

Hiyo sura ya papa itoe leo. Ukishaandika upya ile ya kwanza iweke hapa, nitaisoma yote.