Jibu: Chrome kukataa cheti ulichojisainia mwenyewe

Ndugu, umeuliza kwa nini kivinjari cha Chrome kinaonyesha kosa la NET::ERR_CERT_COMMON_NAME_INVALID ingawa umekwisha kukiweka cheti chako cha HTTPS (faili linalothibitisha utambulisho wa seva) miongoni mwa vile vinavyoaminiwa na kompyuta. Katika amri uliyobandika naona jina la seva liko kwenye sehemu ya CN (Common Name, yaani jina kuu la cheti) peke yake, na hapo ndipo penye kosa: tangu toleo la 58, la mwaka 2017, Chrome haiisomi tena sehemu hiyo, bali hulitafuta jina ndani ya subjectAltName, yaani orodha ya majina na anwani ambazo cheti kinazihusu. Tengeneza cheti upya kwa OpenSSL (programu ya kutengenezea vyeti) 1.1.1 au toleo jipya zaidi, ukiongeza kwenye amri yako hiyo maneno haya, na badala ya 192.168.1.20 uweke anwani ya kompyuta yako:

-addext "subjectAltName=DNS:localhost,IP:192.168.1.20"

Anwani ya namba itanguliwe na IP, si DNS. Kosa hilo dogo lilinipotezea siku nzima ofisini kwetu Kijitonyama, nilipokuwa nikijaribu programu kwa simu iliyounganishwa kwenye Wi-Fi ileile. Kumbuka pia kwamba ruta ikiipa kompyuta yako anwani nyingine, cheti hakitalingana nayo tena. Kisha ondoa cheti cha zamani, weka kipya, na uwashe seva upya, kwa kuwa seva nyingi husoma cheti zinapowaka tu. Faili la ufunguo wa siri, tafadhali sana, usilipandishe kwenye Git, mfumo wa kuhifadhi matoleo ya msimbo.