Niliwasilisha kazi mtandaoni, mhadhiri asema haikufika

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja cha Dar es Salaam, nasomea ualimu wa Kiswahili na Historia. Sioni tangu utotoni, na kompyuta naitumia kwa msaada wa NVDA, programu ya kisoma skrini inayonisomea kwa sauti yaliyo kwenye skrini. Kuandika kazi hakunisumbui. Kinachonisumbua ni kuiwasilisha. Mfumo wa chuo unanitaka niburute faili kwa kipanya, jambo nisiloliweza, kwa hiyo rafiki ninayeishi naye hosteli hunimalizia kwa kutumia nywila yangu. Muhula uliopita rafiki huyo alikuwa amesafiri, nikajitahidi peke yangu hadi nikabonyeza kitufe cha kuhifadhi, nikaamini kazi imekwenda. Alama za muhula zilipotoka nikakuta sifuri, na mhadhiri akasema hakuona kazi yoyote iliyowasilishwa. Je, tatizo lilikuwa wapi, na nina haki gani ya kudai isahihishwe?

Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, kwa jinsi unavyoeleza, inaelekea kazi yako ilifika kwenye mfumo, ila ilibaki kama rasimu. Vyuo vikuu vingi vya Afrika Mashariki hutumia Moodle, mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni, na humo mhadhiri anapoandaa kazi huchagua moja kati ya njia mbili: ama faili ihesabiwe kuwa imewasilishwa mara tu mwanafunzi anapoihifadhi, ama mwanafunzi alazimike kubonyeza kitufe cha pili, cha kuwasilisha. Njia hii ya pili ni mtego kwa asiyeona, kwa sababu ukishabonyeza "Save changes" ukurasa mwingine hufunguka na kisoma skrini huanza kuusoma upya tangu juu, kwenye menyu na jina la somo, wakati kitufe cha "Submit assignment" kiko sehemu nyingine ya ukurasa huo. Mwenye macho hukiona bila kukitafuta; wewe hutakisikia mpaka ukifikie.

Kwa hiyo, baada ya kuhifadhi, bonyeza herufi B mara kadhaa ili NVDA ikupitishe kwenye vitufe hadi ukisikie hicho cha kuwasilisha. Ukikibonyeza, huenda ukakutana na kisanduku cha kuthibitisha kwamba kazi ni yako mwenyewe, ambacho utakipata kwa herufi X, kisha kitufe cha "Continue". Usifunge kompyuta hapo. Bonyeza Insert, Control na F kwa pamoja, andika neno "status", kisha usikilize mstari huo kwa mshale. Ukisikia "Draft (not submitted)", kazi bado iko mikononi mwako. Ukisikia "Submitted for grading", imefika kwa mhadhiri. Msikilize mfumo ukilitamka neno hilo la mwisho kila mara, hata rafiki aliye kando yako anapokuhakikishia kwamba tayari, kwa kuwa alama zitakazokatwa ni zako.

Kuhusu kuburuta faili, hiyo ni njia mojawapo tu. Tangu mwaka 2008, miongozo ya kimataifa ya WCAG, ya kuzifanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, inayotolewa na W3C, shirika linaloweka viwango vya tovuti, inataka kazi za tovuti ziweze kufanywa kwa kibodi, na Moodle ina mlango huo. Kwenye ukurasa wa kazi tafuta kitufe cha kuongeza faili, "Add", karibu na eneo la kuburutia. Kitafungua dirisha dogo. Humo chagua "Upload a file", kisha kitufe cha kuchagua faili, na Windows itakufungulia kisanduku chake cha kawaida ambamo utaandika jina la faili na kubonyeza Enter. Ukirudi, bonyeza "Upload this file". Dirisha hilo dogo lina usumbufu wake: mara nyingine NVDA hubaki ikisoma ukurasa wa nyuma kana kwamba hakuna kilichofunguka. Likitokea hilo, bonyeza Insert pamoja na F5 ili ukurasa usomwe upya, au Insert pamoja na kitufe cha nafasi ili kubadili kati ya hali ya kusoma na hali ya kuandika. Jaribu hatua hizi siku ambayo hakuna kazi inayokudai; ukizijaribu kwa mara ya kwanza saa tano usiku, na mlango unafungwa saa sita, utaona kila kimya cha kisoma skrini kuwa hitilafu.

Nywila yako ukaibadilishe wiki hii. Simtilii shaka rafiki yako, lakini mwenye nywila anaweza kufungua matokeo yako na mawasiliano yako na wahadhiri, na kazi ikipotea hamtajua imepotelea mikononi mwa nani. Msaada mwema ni akae kando yako akusomee kile ambacho NVDA imekwama kukisoma, huku vidole vilivyo kwenye kibodi vikiwa vyako.

Sasa haki yako. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 24 inazitaka nchi zihakikishe kwamba watu wenye ulemavu wanapata elimu ya juu kwa usawa na wengine, na kwamba wanawekewa marekebisho yanayofaa. Mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010. Sheria hizo hazifuti sifuri yako zenyewe, lakini zinakupa msimamo: unapomwandikia mhadhiri huombi huruma, unaomba chuo kitimize wajibu wake. Nina uchungu na jambo hili, kwa sababu mwanafunzi aliyeandika kazi yake kwa wakati hapaswi kuhesabiwa kama ambaye hakuandika kitu.

Ushahidi wako uko kwenye ukurasa ule ule wa hali ya kazi, kwenye mstari wa "Last modified", unaotaja siku na saa faili ilipohifadhiwa. Ikiwa saa hiyo ni kabla ya tarehe ya mwisho, inakili kwenye barua yako, eleza kwamba kazi ilibaki rasimu, na omba isahihishwe ilivyo. Mhadhiri anaweza kuifungua rasimu hiyo mwenyewe, na Moodle inamruhusu kumwongezea muda mwanafunzi mmoja bila kugusa tarehe ya wengine, kwa hiyo asikuambie kwamba mfumo umemfunga mikono. Nakala ipeleke kwa mkuu wa idara na kwa ofisi inayoshughulikia wanafunzi wenye mahitaji maalumu, kama chuo chako kinayo. Katika barua hiyo hiyo omba mkubaliane kimaandishi kwamba, mfumo ukikataa kusomeka, utatuma kazi kwa barua pepe kabla ya saa ya mwisho na ihesabiwe kuwa imewasilishwa. Iandike sasa, kabla alama za muhula hazijapitishwa na vikao vya chuo, maana baada ya hapo kuzibadilisha kunapitia ngazi nyingi zaidi.