Maswali ya Wasomaji: Je, Saa Mpya za Mkono Zinastahili Bei Yake?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimevutiwa na Tissot PRX, saa iliyorudi sokoni mwaka 2021 ikiwa na umbo la saa ya mwaka 1978. Ipo ya betri na ipo ya otomatiki, yaani inayojitia ufunguo kwa mwendo wa mkono, na hiyo ya pili ni ghali zaidi kwa kiasi kikubwa. Je, tofauti hiyo ya bei ina maana yoyote kwa mtu anayetaka kuwa na saa moja tu?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa nje saa hizo ni karibu pacha, kwani zote mbili zina kioo cha yakuti samawi kisichochubuka kwa urahisi, na zote zinahimili maji kwa kipimo cha mita 100. Fedha unazoongeza, kwa hiyo, zinanunua mtambo, na huo ndio wa kuchunguzwa.

Mtambo wa saa ya otomatiki, Powermatic 80, umetokana na ETA 2824, mtambo wa Uswisi ambao kwa miaka mingi ulitumiwa na kampuni nyingi za saa. Wahandisi walipunguza mapigo yake kutoka 28,800 hadi 21,600 kwa saa na kuuwekea springi ndefu zaidi, na hivyo ukaweza kwenda saa 80 bila kuvaliwa. Ukiivua saa Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi utaikuta ingali inatembea, wakati ile 2824 ya kawaida ingekuwa imesimama kabla ya siku mbili kutimia. Hiyo ni faida ya kweli, nami sipendi inapobezwa na wanaodhani kwamba mapigo mengi ndiyo ubora. Hata hivyo, liko jambo ambalo wauzaji hawalitaji: mwendo wa mtambo huo hupangwa kiwandani, na hauna kile kiwiko kidogo ambacho fundi saa amezoea kukisogeza saa inapokimbia au kuchelewa. Ukiharibika baada ya muda wa dhamana kupita, si ajabu kuambiwa kwamba mtambo wote ubadilishwe.

Saa ya betri, kwa upande wake, huongozwa na fuwele ya kwatzi inayotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na kwa kawaida hupotea sekunde 15 hivi kwa mwezi mzima, kiasi ambacho saa nyingi za otomatiki hukifikia kwa siku chache tu. Kwa mwenye saa moja, ningechagua ya betri bila kusita. Otomatiki inamfaa yule ambaye furaha yake ni kugeuza saa na kuutazama mtambo ukifanya kazi nyuma ya kioo. Furaha hiyo nayo ina thamani, mradi mnunuzi ajue kwamba hiyo ndiyo anayoilipia.

SWALI: Je, ninunue MoonSwatch, saa ya kampuni ya Swatch, na kuihifadhi hadi bei yake ipande?

JIBU: Hapana. Ilipotoka Machi 2022 watu walipanga foleni ndefu na walanguzi wakaiuza kwa bei za kushangaza, lakini haikuwa toleo la idadi maalumu, na bei hizo zilishuka bidhaa ilipoendelea kuletwa madukani. Ni saa ya betri yenye sura ya Omega Speedmaster na kipimo cha maji cha mita 30 tu, maana yake ni kustahimili matone, wala si kuogelea. Ukiipenda, inunue uivae.

SWALI: Wapenzi wa Seiko wanasema kwamba Seiko 5 Sports za mwaka 2019 zilishusha hadhi ya SKX007, saa ya Seiko iliyozitangulia. Mimi naziona zinafanana. Nani ana haki?

JIBU: Wanaolalamika wana hoja, ingawa wanaieleza nusu. SKX007 ilikuwa saa halisi ya wapiga mbizi, yenye kipimo cha mita 200 na kifundo cha kurekebishia saa kinachofungwa kwa kuzungushwa kama parafujo. Mrithi wake alichukua sura hiyo, lakini kipimo kikashuka hadi mita 100 na kifundo kikawa cha kusukuma tu. Ndani, mambo ni kinyume: mtambo wa zamani, 7S26, haukuweza kutiwa ufunguo kwa mkono wala kusimamisha mshale wa sekunde wakati wa kurekebisha, na 4R36 ya sasa inafanya yote mawili. Kioo hakikubadilika, kimebaki Hardlex, ambacho huchubuka kuliko yakuti, na katika hilo naona kampuni ingeweza kuwatendea wanunuzi vizuri zaidi.

Kwa mavazi ya kila siku, basi, saa mpya ni bora. Kama unakusudia kupiga mbizi, usidanganywe na bezeli, ile pete ya kando ya kioo, inayozunguka. Tafuta saa iliyotajwa waziwazi kwamba imepimwa kwa ISO 6425, kiwango cha kimataifa cha saa za wapiga mbizi, hata kama itakubidi uache rangi uliyoipenda.