Mfuniko wa tenki la pikapu: wa funguo au wa kujifunga wenyewe?

Usiku ule niliegesha Hilux yangu nje ya mwalo wa Kirumba, Mwanza, panaposhushiwa samaki na dagaa, tenki la dizeli limejaa, nikaingia ndani kusimamia upimaji wa dagaa. Niliporudi kuwasha, mshale ulikuwa chini ya nusu. Kimlango cha nje kilikuwa kimebanduliwa kwa bisibisi. Nyuma ya tairi mchanga umelowa, unanuka, na alama ya kitako cha dumu imebaki palepale. Mfuniko wangu ulikuwa wa kuzungusha tu, hauna kufuli. Ufukweni mafuta hayakosi mnunuzi: petroli inaingia kwenye injini za mitumbwi, dizeli kwenye magari na mashine.

Kesho yake nikanunua mfuniko wa funguo kwenye duka la spea mjini. Bei nafuu, unaingia vizuri, nikaridhika. Siku ya tatu nikiwa na mzigo naelekea Magu, nimeshaipita Kisesa, gari likaanza kukosa nguvu. Nakanyaga, haliendi. Likazima. Nikapampu kwa mkono pale juu ya filta, likawaka, likasogea kidogo, likazima tena. Nilishaanza kuhesabu gharama ya pampu mpya. Fundi aliyeletwa na bodaboda hakugusa injini. Aliniuliza, "Kaka, hapa karibuni umebadilisha nini?" Nikamwambia mfuniko. Akaufungua, na tenki likavuta hewa, fyuuu, kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Tukawasha, tukaendelea na safari mfuniko ukiwa umelegezwa.

Mafuta yanapotoka kwenye tenki, lazima hewa iingie ichukue nafasi yake. Kwenye magari mengi hewa hiyo inapita kwenye vali ndogo iliyomo ndani ya mfuniko wenyewe. Mengine yana njia yake pembeni. Ukifunga mfuniko usio na vali kwenye gari linaloitegemea, tenki linajivuta ndani kwa ndani mpaka pampu inashindwa kunyonya. Kwa hiyo nenda dukani na mfuniko wako wa zamani mkononi. Igeuze yote miwili, linganisha nyuzi, unene wa raba, na vali ile ya katikati. Ukishaufunga, endesha nusu saa, simama, fungua, sikiliza. Kiupepo kidogo si neno. Ukisikia mvuto mkubwa, urudishe siku hiyohiyo, hata kama muuza duka atanuna.

Pikapu ya kaka yangu, niliyoiendesha miezi minane, haina mfuniko kabisa. Mtindo huu Ford ndio walioueneza, kuanzia mwaka 2008, kwa jina la Easy Fuel. Ukifungua kimlango cha nje unakuta kibao chenye springi. Mdomo wa pampu wenye unene unaotakiwa unabana vishikizo vya pembeni, kibao kinaachia, ukiuchomoa kinajifunga. Kwa anayejaza sheli tu, nausifu kwa moyo wote. Hakuna mfuniko wa kusahau juu ya pampu, na kwenye gari la dizeli lililotengenezwa hivyo, mdomo mwembamba wa petroli haufungui kibao, kwa hiyo mhudumu akikosea anagutuka mapema. Mpira mwembamba wa mwizi nao unagoma, ingawa mwenye faneli maalumu ya magari haya anakifungua kibao bila shida.

Sasa njoo kwetu tunaojaza kwa dumu. Jioni moja mafuta yaliniishia baada ya Sengerema, naelekea Geita. Bodaboda akaniletea dizeli lita 20. Nikakata chupa ya maji kutengeneza faneli, kama tunavyofanya siku zote. Chupa ikajikunja, kibao hakikufunguka. Magari haya huja na faneli yake maalumu ya plastiki, na ya kaka ilishapotea zamani. Kijana mmoja akashika bisibisi akisukume. Nikamzuia, maana kibao kikipinda hakifungi tena sawasawa, na vumbi na maji vinaingia tu. Nililala pale mpaka asubuhi, dumu limejaa miguuni pangu.

Kibao hicho kinataka usafi pia. Vumbi la barabara za ndani hukaa kwenye ukingo wake; lifute kwa kitambaa kikavu kabla ya kujaza, na anayeosha gari asielekeze maji ya presha pale. (Na tafadhali, gari lisioshwe ziwani. Maji ya bomba ya Mwanza yanavutwa humohumo ziwani, ndiyo tunayokunywa.)

Kama unalaza gari mialoni na kubeba dumu, mimi nakushauri mfuniko wa funguo wenye vali sahihi. Kama tayari una pikapu ya kibao, hakikisha kimlango cha nje kinajifunga pamoja na milango. Kufuli halimzuii anayelala chini ya gari akatoboa tenki au kukata mpira, ndiyo maana bado natafuta penye taa na mlinzi.

Tundu la ufunguo usilitie oili, inashika vumbi na kuganda. Nasugua penseli kwenye meno ya ufunguo mpaka yawe meusi, kisha naingiza na kutoa mara tano au sita. Ufunguo wa pili anao mke wangu nyumbani. Kaka nilimnunulia faneli nyingine, nikaifunga mwenyewe kwa waya nyuma ya kiti.