Shangazi wa Safari: Vituo 19 Roma ndani ya siku nne

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mwezi Mei nampeleka mama Roma kwa mara ya kwanza. Tunafika Jumamosi ya pili ya mwezi usiku, tunaondoka Alhamisi alfajiri, kwa hiyo tuna siku nne kamili. Mama ana miaka 67 na goti la kulia humsumbua akipanda ngazi. Nimepanga hivi: Jumapili Makumbusho ya Vatikani, Jumatatu jumba la sanaa la Galleria Borghese na Colosseum, Jumanne katikati ya mji, Jumatano asubuhi Basilika ya Mtakatifu Petro na kupanda kuba lake. Ukijumlisha na chemchemi, viwanja na makanisa ni vituo 19. Tutaweza?
*Binti wa kwanza*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ratiba yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalenda mkononi. Katika siku nne umefanikiwa kugonga milango mitatu iliyofungwa.

Makumbusho ya Vatikani hayafunguliwi Jumapili, isipokuwa ile ya mwisho wa mwezi, ambapo kuingia ni bure na foleni haina huruma. Yenu si ya mwisho. Galleria Borghese hufungwa Jumatatu. Na Jumatano asubuhi, Papa akiwepo mjini, hukutana na mahujaji uwanjani mbele ya basilika, na sisi wengine hatuingii ndani mpaka shughuli iishe.

Sikucheki. Borghese nami niliifikia siku ya Jumatatu, jua la saa tano, nimevuka bustani nzima kwa miguu huku nikijipongeza kwa kuamka mapema. Mlangoni nilimkuta njiwa mmoja. Nikarudi kesho yake, nikaambiwa bila kuweka nafasi mapema siingii. Ndiyo sababu nasema kwa ukali kidogo: Roma, vitu vya tiketi za mapema weka vitatu tu, uvinunue kabla hujapanda ndege, na siku nyingine zote waachieni miguu na viti vya mabarazani. Vituo 19 ni orodha ya mtu anayetaka kupiga picha, si ya mtu aliye na mama yake.

Hivi ndivyo ningefanya mimi.

Jumapili nendeni Colosseum, uwanja wa kale wa mapambano. Siku hiyo barabara ya Via dei Fori Imperiali hufungiwa magari, na mama ataweza kutembea katikati ya lami kutoka Piazza Venezia, jengo likimjia mbele taratibu, bila kukimbizwa na pikipiki. Tiketi ya kawaida ilikuwa euro 18 nilipoinunua mara ya mwisho. Hubeba jina la mtu, kwa hiyo pasipoti msiiache hotelini, na huanza kuuzwa mtandaoni takriban siku 30 kabla. Weka kengele kwenye simu. Jengo lilifunguliwa mwaka 80 BK na mfalme Titus, ila wajenzi wake hawakumfikiria mama yako: ngazi zake ni ndefu na mawe yake yamesagika. Lifti ipo. Mwambie mhudumu mlangoni kuhusu goti kabla hamjaanza kupanda, si mkishafika katikati.

Tiketi hiyohiyo inaingia pia Forum, yale magofu ya mji wa kale yaliyo jirani, na kilima cha Palatine, na ina uhai wa saa 24 tangu muitumie mara ya kwanza. Watu wengi huvimaliza vyote mchana mmoja na kutoka wakiwa hoi. Nyinyi ingieni Colosseum Jumapili saa sita hivi, mkalale, kisha Forum muiendee Jumatatu asubuhi kabla ya jua kali. Mkitoka hapo, si mbali, kuna kanisa la San Pietro in Vincoli na sanamu ya Musa aliyoichonga Michelangelo. Hakuna kiingilio. Chunga tu saa, maana makanisa mengi ya Roma hufunga mchana na kufungua tena alasiri.

Jumanne ni Vatikani nzima. Makumbusho asubuhi kwa tiketi ya mapema, basilika mchana. Njia ya makumbusho ni ndefu na umati hukusukuma mbele kama maji ya mtaro, kwa hiyo kila mkiona benchi, kaeni, hata kama hamjachoka. Ndani ya Kanisa la Sistina, humohumo makumbushoni, kupiga picha hakuruhusiwi na mazungumzo hayatakiwi. Kila dakika chache askari hupaza sauti kuomba kimya, akawa yeye ndiye mwenye kelele kuliko wote. Dari lile Michelangelo alilichora kati ya 1508 na 1512. Msitazame juu mkiwa mmesimama. Kuna viti vya mawe pembezoni mwa kuta, ngojeni mmoja ainuke. Mabega na magoti yafunikwe, kwa mama na kwako. Mtandio mwepesi ndani ya mkoba unatosha.

Kuba futa. Ni ngazi 551. Lifti hukupunguzia za kwanza, lakini bado zinabaki 320, na huko juu njia inabana, ukuta unainama na kukulazimisha upande ukiwa umepinda ubavu. Huwezi kugeuka ukashuka kwa sababu nyuma yako kuna watu. Kwa goti hilo, hapana.

Jumatano ndiyo siku yangu. Asubuhi Pantheon, hekalu la kale la Kirumi, ambalo kiingilio chake kilianza Julai 2023 kwa euro 5. Kuba lake lina kipenyo cha mita 43.3, na kutoka sakafuni hadi juu ni mita hizohizo. Katikati kuna tundu wazi, halina kioo wala kifuniko, na mvua ikinyesha huingia ndani na kupotelea kwenye vitobo vidogo vya sakafu. Mvua ikianza mkiwa mjini, acheni mlichokuwa mkifanya mwende.

Hatua chache kutoka hapo liko kanisa la San Luigi dei Francesi. Ingieni, kata kushoto hadi mwisho. Kikanisa cha pembeni ni cheusi, huoni kitu. Kando kuna kisanduku cha sarafu. Nilitumbukiza yangu, taa ikawaka, na mchoraji Caravaggio akatokea ukutani kwa picha tatu. Upande wa kushoto Mathayo ameketi mezani na wenzake wakihesabu pesa, Yesu ameingia kutoka kulia na mkono umenyooka, na mwanga unamfuata nyuma kama aliyesahau kufunga mlango. Kisha taa ikazima. Watu tulioachwa gizani hatukufahamiana, lakini kila mmoja alisikika akipapasa mfuko akitafuta sarafu. Nilikaa pale mpaka zikaniishia. Jumba zima lile la Vatikani halijanipa kitu nikikumbuke hivyo, na hapa hakuna aliyeniuzia tiketi.

Alasiri ndiyo Borghese, tiketi yenu ya tatu ya mapema. Huingizwa kwa zamu za saa mbili, muda ukiisha mnatolewa, na kwa mtu wa goti hiyo ni rehema. Tafuteni sanamu ya Bernini ya Pluto, mungu wa kuzimu, akimteka Proserpina. Usitazame nyuso. Tazama vidole vya mwanamume vilivyozama kwenye paja: ni marumaru, lakini nyama imebonyea.

Chemchemi ya Trevi muiendee usiku sana au alfajiri. Kwenye Ngazi za Kihispania msikae, mama asije akapumzisha goti mkatozwa faini; kuketi pale ni marufuku tangu 2019. Na masanduku ya magurudumu: mitaa ya katikati imetandikwa vijiwe vyeusi vidogo, wenyewe huviita sampietrini, na gurudumu langu moja limebaki mtaa wa Trastevere mpaka leo. Bebeni begi la mkononi. Kutoka uwanja wa Fiumicino, treni ya Leonardo Express hufika kituo cha Termini kwa dakika 32 bila kusimama njiani; tafuta hoteli ambayo teksi itakushusha mlangoni. Basi namba 64 kati ya Termini na Vatikani lina sifa ya vibaka, mkoba ukae tumboni.

Ukihesabu utaona vituo vimebaki kama kumi. Hivyo vingine mama hatavidai.

SWALI: Shangazi, nakwenda Roma siku sita na kupitia Paris siku mbili. Rafiki ananishauri niombe viza kwa Wafaransa, eti kwao ni haraka. Ni sawa?
*Mwenye Haraka*

JIBU: Si sawa. Viza ya Schengen, ile moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, huombwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na kwako hiyo ni Italia. Siku zikilingana ndipo unaangalia nchi utakayoingia kwanza. Ukipeleka Ufaransa barua za hoteli zenye usiku sita wa Roma, unampa afisa sababu ya kukukatalia kwa mwandiko wako mwenyewe. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya matibabu isipungue euro 30,000. Kwa kawaida majibu ni siku 15, lakini yanaweza kufika 45. Haraka yako ianzie hapo.

SWALI: Yale mabomba ya chuma mitaani Roma ambayo maji hayakatiki, yananyweka? Na mbona mdomo wake umeangalia chini, mtu anywe vipi?
*Mwenye Kiu*

JIBU: Yananyweka, ni baridi na ni bure. Huitwa nasoni, yaani mapua makubwa, na yalianza kuwekwa mwaka 1874. Chupa ikingie chini. Kama huna chupa, tazama juu ya pua utaona kitundu kidogo: ziba mdomo wa chini kwa kidole, maji yataruka juu kupitia kitundu hicho, na hapo utakunywa umesimama. Kidole kikaze polepole. Mimi nilikiziba kwa nguvu zote, maji yakanipiga kifuani na kumfikia bwana aliyekuwa akisoma gazeti kwenye benchi. Alilikung'uta, akaligeuza upande mkavu, akaendelea kusoma.