Neno "cholecystectomy": silabi zake, matamshi na maana ya kila kipande

Mkuu, umeuliza neno "cholecystectomy" linatamkwaje, lina silabi ngapi na limeungwa na nini. Silabi ni 6: ko-le-sis-tek-to-mi. Lilinitesa sana nilipokuwa nasomea uuguzi, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyapitia.

Ile "ch" ya mwanzo usiisome kama ya chumvi. Maneno yaliyotoka Kigiriki "ch" yake huwa ni K. Halafu kuna mkazo. Ulimi wetu umezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, basi utajikuta unasema kolesistekTOmi. Wasemaji wa Kiingereza hukaza ya tatu kutoka mwisho: kolesisTEKtomi. Mimi nilirudia hiyo TEK kwa sauti mpaka ikakaa.

Sasa vipande vyake. Khole ni nyongo, na utaikuta pia ndani ya melankolia (huzuni nzito), ambayo kwa asili ya neno ni nyongo nyeusi, na ndani ya kolesteroli, ambayo mara ya kwanza ilipatikana kwenye mawe ya nyongo. Kystis ni kifuko. Ek ni nje, tome ni mkato. Viunge: kukata mfuko wa nyongo na kuutoa nje. Upasuaji huo ulifanikiwa kwanza mwaka 1882, mikononi mwa Carl Langenbuch, jijini Berlin.

Mkia wa neno ndio uangalie zaidi, maana hapo ndipo nilipoumia. Nikiwa mwanafunzi wodini nilisoma faili haraka, nikamwambia mgonjwa kwamba mfuko wake wa nyongo umeshaondolewa. Kumbe palikuwa pameandikwa "cholecystostomy", ko-le-sis-TOS-to-mi. Stoma ni mdomo: alikuwa ametobolewa tundu na kuwekewa mpira wa kutolea nyongo, mfuko bado umo, na upasuaji wenyewe ulikuwa unamsubiri. Ilibidi nirudi kitandani kwake nimwombe radhi na kumweleza upya. Alinyamaza muda mrefu, na uso wake ule sijausahau.

Tangu hapo neno la namna hii nalisoma kuanzia nyuma. Ektomi, kitu kimetolewa. Ostomi, pamefunguliwa mdomo. Otomi, pamepasuliwa tu. Ukiona "-itis", ni kuvimba, na hiyo "i" ya kwanza hutamkwa "ai": kolesisTAItis.